"Barbara Allen" ni wa Waskoti au wa Waingereza? Naomba msaada wa kufuatilia karatasi zake za zamani

MwalimuWaSauti, Moshi:

Wanajamvi, habari za jioni.

Nafundisha muziki sekondari na ndiye ninayeshika kwaya ya shule. Kwa ajili ya tamasha la muhula huu tumechagua wimbo mmoja wa nje, "Barbara Allen", sauti nne bila ala. Watoto wameupenda mno, hasa besi, kwa sababu kengele ya msiba inalia upande wao. Kinachonisumbua ni kijitabu cha programu. Kila wimbo lazima uandikiwe asili yake, na mimi sitaki kuandika kitu ambacho siwezi kukitetea mbele ya waamuzi wala mbele ya wanafunzi wangu.

Nota tuliyonayo imeandikwa juu kabisa "wimbo wa asili wa Kiskoti". Kitabu cha nyimbo nilichoachiwa na mwalimu aliyenitangulia kinasema ni wa Kiingereza. Mwenzangu aliyesoma Marekani anashikilia kuwa ni wimbo wa milima ya Appalachia, aliusikia huko kwa masikio yake ukipigwa na banjo.

Katika kupekua nimeona wanataja "broadside", karatasi za nyimbo zilizochapwa zamani na kuuzwa mitaani, na kwamba wimbo wa asili hufuatiliwa kupitia humo. Nikafungua hifadhi moja ya mtandaoni. Nimekuta herufi nisizoweza kuzisoma, na picha ya bwana mwenye kofia kubwa ambaye simuoni popote kwenye kisa. Nikafunga.

Mtu anaanzia wapi? Na karatasi hizo zinaweza kweli kuniambia wimbo ni wa nani?


SautiYaNne, Edinburgh:

Mwalimu, mbona hili lina jibu tayari. Samuel Pepys, yule karani wa jeshi la majini aliyeandika shajara, anasema mwanzoni mwa Januari 1666 kwamba alimsikia Bi Knipp akiimba wimbo wake mdogo wa Kiskoti wa "Barbary Allen". Aliyeusikia mwenyewe ndiye aliyesema ni wa Kiskoti. Unataka shahidi gani tena? Naimba kwaya hapa Edinburgh na hakuna anayeuliza swali hilo. Andika Kiskoti, endelea na mazoezi.


MpangaVitabu:

Mwalimu, salaam kutoka kaskazini mwa Uingereza. Mimi ni mtu wa Pangani niliyezeekea huku. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeipitisha kwenye chumba cha vitabu adimu, nikiorodhesha karatasi za aina hiyohiyo uliyoifungua ukaifunga. Nakuomba uifungue tena.

Kwanza nimjibu kijana wangu wa Edinburgh, maana ameanza panapostahili. Maneno ya Pepys ni kweli, na hapo ndipo wimbo huu unapotajwa kwa mara ya kwanza katika maandishi yaliyobaki. Lakini tazama nani anaimba, na anaimba wapi. Elizabeth Knepp, ambaye Pepys anamwandika "Knipp", alikuwa mwigizaji wa London. Jioni hiyo walikuwa nyumbani kwa Lord Brouncker, kwenye kundi la watu wa mjini. Katika nusu ya pili ya karne ya 17, London ilizipenda mno nyimbo zilizoitwa za Kiskoti. Zilikuwa nyimbo zenye ladha ya shamba, zimetiwa maneno mawili matatu ya lafudhi ya kaskazini, na nyingi zilitungwa palepale London na watu ambao hawajawahi kuuona mto Tweed wa mpakani mwa Uskoti. Kwa hiyo Pepys anaposema "wa Kiskoti" anaweza kuwa anataja ulikotoka, na anaweza vilevile kuwa anataja mtindo wake. Wimbo huenda ulitoka Uskoti kweli. Neno hilo peke yake haliwezi kubeba mzigo wote huo.

Sasa karatasi zenyewe.

Karatasi hizi zilikuwa ukurasa mmoja uliochapwa upande mmoja tu, bei yake kwa kawaida peni moja. Wachuuzi walizunguka nazo sokoni, mnadani na milangoni, wakiimba walichokuwa wanauza ili mnunuzi ashike mahadhi. Ukishanunua unaibandika ukutani, nyumbani au kwenye kilabu cha pombe, na ikichakaa inafungia siagi. Karatasi ilikuwa duni na haikukusudiwa kudumu, ndiyo maana zilizobaki ni kidogo sana kuliko zilizochapwa. Tulizonazo tunazo kwa sababu watu wachache walizikusanya. Mmoja wao ni huyohuyo Pepys: mkusanyo wake, zaidi ya karatasi 1,700, uko Magdalene College, Cambridge. Mkusanyo mwingine mkubwa, wa Roxburghe, uko British Library. Na humo ndimo ilimo karatasi ya zamani inayotajwa na kila mtu anayefuatilia Barbara Allen. Kichwa chake ni kirefu kama ilivyokuwa desturi: ukatili wa Barbara Allen, au msiba wa kijana, pamoja na maombolezo ya Barbara kwa kutomwonea huruma mpenzi wake.

Ulipoifungua ile hifadhi ulianza kusoma juu, ukakwama kwenye herufi. Sisi tunaanza chini kabisa. Mshororo wa mwisho, wenye herufi ndogo, unataja waliochapisha. Kwenye karatasi ya Barbara Allen wako wanne: P. Brooksby, J. Deacon, J. Blare na J. Back. Hao ni wauzaji wa London walioshirikiana kuchapisha nyimbo katika miaka ya 1680 na 1690. Zama hizo maduka hayakuwa na namba. Yalikuwa na vibao vya picha. Brooksby alikuwa kwenye Mpira wa Dhahabu pale Pye Corner, Deacon kwenye Malaika pale Giltspur Street, na Blare na Back walikuwa na maduka juu ya daraja la London, mmoja kwenye Kioo, mwingine kwenye Mvulana Mweusi. Karatasi yenyewe haina mwaka. Kinachoipa umri ni majina hayo manne kukaa pamoja, na kwa hesabu hiyo wataalamu huiweka karibu na 1690.

Mbinu hiyohiyo ndiyo inayotumika kwa karatasi za baadaye. Nitakupa mfano ambao nimeutumia tena na tena. John Pitts alikuwa mchapaji wa mtaa wa Seven Dials, London. Hadi 1819 alikuwa namba 14 Great St Andrew Street, kisha akahamia namba 6 mtaa huohuo. Kwa hiyo karatasi ya Pitts ukiitazama namba tu, umeshajua ni ya kabla au ya baada ya kuhama. Mshindani wake James Catnach alifungua Monmouth Court, hatua chache tu kutoka hapo, mwaka 1813. Anwani ya mtaani ndiyo kalenda yetu.

Picha je? Zile ni picha zilizochongwa kwenye kipande cha mbao na kupakwa wino. Mchapaji alikuwa na rundo lake na alichukua iliyokaribia kufaa. Bwana wako mwenye kofia huenda ameshafanya kazi kwenye nyimbo za vita, za harusi na za kunyongwa. Usimtafute kwenye kisa. Mtafute kwenye karatasi nyingine. Mbao huzeeka: ufa unaanza pembeni kama uzi, miaka inavyokwenda unapanda hadi shavuni mwa bwana huyo, wadudu nao wanatoboa, na kila tundu linatokea kwenye chapa kama doa jeupe la mviringo. Nimewahi kuziweka mezani karatasi tatu zenye picha moja ya mwanamke mwenye upepeo mkononi. Ya kwanza haina tundu, ya pili ina moja kwenye sketi, ya tatu ina lile la kwanza na mengine mawili. Hapo hata kama hakuna jina la mchapaji, unajua ipi ilitangulia. Kazi hiyo ilinipa furaha ambayo sijawahi kuipata kwenye kazi nyingine yoyote.

Halafu utazame mshororo ulio chini ya kichwa, unaotaja mahadhi. Karatasi hizi kwa kawaida hazina nota. Zinasema tu uimbe kwa mahadhi ya wimbo fulani unaoujua. Karatasi ya Barbara Allen inasema iimbwe kwa mahadhi ya Barbara Allen. Pima maana yake: wakati Brooksby na wenzake wanaichapa, mnunuzi alikuwa tayari anaujua wimbo. Hawakuuzindua wao. Walikuwa wanauza maneno ya kitu kilichokwisha kuwa midomoni mwa watu, na Pepys anatuthibitishia kuwa kilikuwa midomoni karibu robo karne kabla.

Kwa hiyo swali lako la pili nalijibu hivi: karatasi haikuambii wimbo ni wa nani. Inakuambia maneno fulani yaliuzwa na nani, wapi, na takriban lini. Ukiziweka nyingi pamoja unaanza kuona kila ubeti uliingilia wapi, na kwa programu yako hicho ndicho kitu chenye faida.

Kwa hiyo andika hapa mambo haya kutoka kwenye nota yako: ubeti wa kwanza unasemaje, ni mwezi gani, kijana anaitwa nani, binti alimkasirikia kwa sababu gani, anacheka popote, na mwisho makaburini kunaota nini.


MwalimuWaSauti:

Shikamoo mzee. Nimeisoma meseji yako mara mbili, na nimeifungua tena ile hifadhi. Kweli chini kulikuwa na jina na mtaa, sikuwa nimeteremka mpaka huko.

Majibu ninayo hapa na nota iko mbele yangu. Ubeti wa kwanza: msimuliaji anasema katika Scarlet Town alikozaliwa kulikuwa na msichana mzuri aliyemfanya kila kijana alie ole. Mwezi ni Mei, machipukizi ya kijani yanavimba. Kijana anaitwa Jemmy Grove, yuko kitandani anakufa. Barbara anakuja polepole, anamwambia tu, kijana, naona unakufa. Sababu ya hasira ipo: anamkumbusha siku walipokuwa kilabuni, alipowanyanyulia glasi wasichana wote akampita yeye. Kucheka hakuna. Kengele inalia, anajuta, anamwomba mama amtandikie kitanda. Mwisho wanazikwa kwenye uwanja wa kanisa, juu ya kaburi moja kunaota waridi, juu ya lingine mbigili, vinapanda hadi vinafungana fundo.

Wanafunzi waliniuliza kwa nini yeye anaota mbigili. Sikuwa na jibu.


MpangaVitabu:

Marahaba, Mwalimu. Umenifanyia kazi nzuri. Nota yako imeshonwa kwa vitambaa vitatu, na mishono yote inaonekana.

Kitambaa cha kwanza. Kwenye karatasi ya Brooksby na wenzake, msimuliaji wa ubeti wa kwanza hasemi "born", kwamba alizaliwa katika mji huo. Anasema "bound", yaani alikuwa amefungwa huko, pengine kwa mkataba wa kazi. Wala hasemi kila kijana alilia. Anasema msichana huyo ndiye aliyekuwa amemchagua awe wake. Yaani anayesimulia ni mpenzi mwenyewe, yule anayekufa! Ubeti unaofuata sauti inageuka, kijana anakuwa "yeye", na hana jina kabisa. Anaitwa kijana tu. Sasa mwaka 1765 Thomas Percy, kasisi aliyekuja kuwa askofu, alichapa kitabu chake cha mashairi ya kale, "Reliques of Ancient English Poetry". Humo akautia wimbo huu na akakiri kwamba ameutoa kwenye karatasi ya zamani ya herufi nyeusi, yaani zile za kigothi, pamoja na masahihisho. Kwenye kitabu chake msimuliaji amezaliwa Scarlet Town, kila kijana analia ole, machipukizi yanavimba, na anayekufa anaitwa Jemmy Grove. Yote manne yako kwenye nota yako. Ninapokutana na mambo hayo kwenye karatasi ya karne ya 19 huwa namtazama Percy kwanza. Karatasi ya peni moja iliingia kwenye kitabu cha mabwana, ikasafishwa, ikarudi mtaani na nguo mpya.

Usafishaji wenyewe una hasara yake. Ule mparaganyiko wa "mimi" na "yeye" ambao Percy aliuondoa, kwangu mimi ni dalili ya wimbo uliopita midomo mingi kabla ya kufika kwenye chapa. Mtunzi anayeketi na kalamu hapotezi mhusika wake ndani ya beti mbili.

Kitambaa cha pili ni kile kilabu. Hakimo kwenye karatasi ya London. Humo Barbara hana sababu yoyote ya kumkataa, na maiti ya kijana inapopita anaomba itulizwe chini aione, kisha anaangua kicheko kikubwa mpaka rafiki zake wanamlaani. Mwisho anawaaga wasichana wote na kuwaonya wasifanye kosa lake. Karatasi ile iliuzwa kama onyo, na onyo linahitaji mkosaji asiye na udhuru. Ile habari ya kilabu iko kwenye maneno ya Kiskoti aliyoyachapa Allan Ramsay wa Edinburgh katika "Tea-Table Miscellany" mwaka 1740. Huko hakuna Mei. Ni wakati wa sikukuu ya Mtakatifu Martin, Novemba, majani yanapukutika, na mwanamume ni Sir John Graeme wa upande wa magharibi. Barbara anamwambia: hukumbuki ulipokuwa kilabuni ukinywa, ukawanyanyulia glasi wengine ukanidharau? Naye mgonjwa anageuza uso ukutani.

Mimi nampenda Barbara wa Ramsay. Ni binti aliyeaibishwa mbele ya watu na anayekumbuka. Ukiwafundisha watoto sehemu hiyo waambie hivyo, waimbe kama mtu aliyebeba jeraha. Wasiimbe kama mchawi.

Kwa hiyo SautiYaNne ana haki na sehemu ya hoja yake: ndani ya nota yenu kuna ubeti wa Kiskoti kabisa, na ndio unaobeba kisa chote.

Kitambaa cha tatu ni waridi na mbigili. Havimo kwenye karatasi ya Brooksby, havimo kwa Ramsay wala kwa Percy. Vimetoka kwenye nyimbo nyingine za wapendanao wanaokufa, kama "Fair Margaret and Sweet William" na "Lord Lovel", na vikahamia huku kwa sababu waimbaji walizijua zote. Sasa unaweza kuwajibu wanafunzi: mbigili imekuja na ubeti wake kutoka kwenye nyimbo hizo, wala haikupandwa kwa ajili ya dhambi ya Barbara. Na hapa ndipo mwenzako wa Marekani anapoingia. Cecil Sharp na Maud Karpeles walipopita milima ya Appalachia kati ya 1916 na 1918 waliukuta wimbo huu kwa waimbaji wengi, na waridi na mbigili ni mwisho unaopendwa sana huko. Wahamiaji waliuvusha bahari. Mwenzako aliusikia nyumbani kwake kweli, ila si nyumba ambamo wimbo ulizaliwa.


Mfukunyuzi:

Wakuu, samahani kuingilia. Nimesoma mahali kwamba Barbara Allen ni fumbo la kisiasa. Kwamba ni Barbara Villiers, hawara wa mfalme Charles wa Pili, na wimbo ulikuwa wa kumsema vibaya. Miaka inaingiana, maana Villiers alikuwa anatamba kasri wakati huohuo Pepys anaandika. Mzee una lolote juu ya hili?


MpangaVitabu:

Ndugu, hoja hiyo ina wenyewe: Phillips Barry na Fannie Hardy Eckstorm, watafiti wa nyimbo wa Marekani, ndio walioitoa. Waliheshimika kwa kazi zao, kwa hiyo inastahili kujibiwa kwa karatasi.

Nyimbo za kusema wakubwa zilikuwepo tele London miaka hiyo, na zina alama zake. Zinatupa dokezo ambalo msomaji wa wakati ule angelidaka: cheo, jumba, rangi ya mavazi ya watumishi, mtoto wa nje ya ndoa. Karatasi ya karibu 1690 haina hata moja. Kisa nacho kinapinga. Villiers alisifika kwa kukubaliwa na mfalme na kumzalia watoto, na mfalme alikufa 1685 baada ya kumwacha zamani. Barbara wa wimbo anamkataa mwanamume mpaka anakufa, kisha naye anakufa kesho yake. Wakati karatasi inachapwa Villiers alikuwa hai, alikufa 1709. Kinachobaki mkononi ni jina Barbara, na wanawake walioitwa Barbara walikuwa wengi.

Kuna ladha moja tamu kwenye shajara, hata hivyo. Siku chache baada ya ile jioni, Knepp alimwandikia Pepys barua akajitia saini "Barb. Allen", na Pepys akamjibu kwa jina la "Dapper Dicky". Kwa watu hao wawili lilikuwa jina la utani la mapenzi. Mtu hachezei hivyo kwenye barua jina la hawara wa mfalme, tena Pepys aliyekuwa mtumishi wa serikali na mwoga wa cheo chake.


SautiYaNne:

Mzee, nakubali juu ya maneno. Na mahadhi je? Sisi hapa tunauimba kwa lahani inayoteremka polepole, yenye huzuni. Nilipousikia kwaya moja ya England wakiuimba, nilikuwa sijaujua mpaka lilipotajwa jina. Karatasi haina nota, basi tunafuatilia vipi?


MpangaVitabu:

Kwa njia nyingine kabisa, na ndiyo maana maneno na mahadhi lazima yafuatiliwe mbalimbali. Lahani ya Kiskoti iko kwenye chapa za karne ya 18. James Johnson aliitia kwenye "Scots Musical Museum", mkusanyo alioanza kuutoa Edinburgh mwaka 1787. Ile uliyoisikia kwa Waingereza ilipata umaarufu wa vitabuni kupitia William Chappell, aliyechapa mkusanyo wake wa muziki wa zamani katika miaka ya 1850. Za Appalachia ni nyingi, na baadhi zinasimama kwenye sauti tano tu za ngazi. Baadaye Bertrand Bronson alizikusanya lahani za nyimbo hizi pamoja, na wimbo huu ni miongoni mwa zile zilizompa kazi kubwa zaidi.

Mwalimu, jiongeze hapa. Nota yako inaweza kuwa na maneno ya Percy juu ya mahadhi ya Kiskoti, na pengine ndiyo sababu mpangaji aliandika Kiskoti juu yake. Kama mahadhi yanateremka taratibu kama anavyoeleza SautiYaNne, linganisha na ya Johnson.

Na kwa mtu yeyote atakayetaka kuendelea: shika namba. Francis James Child wa Harvard alizipa nyimbo za kisa (baladi) 305 namba katika kitabu alichokitoa kati ya 1882 na 1898. Barbara Allen ni Child 84. Mkutubi Steve Roud alitengeneza orodha kubwa zaidi inayounganisha karatasi, vitabu na rekodi za sauti; humo ni Roud 54. Ukiandika namba hiyo kwenye tovuti ya Vaughan Williams Memorial Library unapata kila mahali wimbo ulipotokea, hata kama jina limeandikwa Barbary, Barbra au Allan. Kwa picha za karatasi zenyewe nenda hifadhi ya baladi ya Bodleian, Oxford, au ile ya University of California, Santa Barbara. Hiyo ya pili imenakili maneno kwa herufi za kawaida, kwa hiyo zile za kigothi hazitakukwamisha tena.

Child mwenyewe alizidharau karatasi hizi. Kwenye barua aliwahi kuziita jaa la samadi ambamo mtu huchakura sana kwa kichefuchefu ili apate kito kimoja cha wastani. Namheshimu Child kuliko karibu mtu yeyote aliyeandika juu ya nyimbo, na bado jambo hili linaniuma. Aliamini wimbo wa kweli ni ule wa mdomoni na kwamba chapa iliuharibu. Karatasi ilinunuliwa na mtumishi wa ndani, akaisoma, akawafundisha waliokuwa hawajui kusoma, wakauimba shambani, mtoto wa mwenye shamba akaukumbuka uzeeni. Oliver Goldsmith, mwandishi mkubwa wa karne ya 18, alieleza hivyo hasa: hakuna mwimbaji bora aliyemgusa kama yule mkamua maziwa wa zamani wa kwao aliyemliza kwa ukatili wa Barbara Allen. Na hilo neno, ukatili, ndilo liko kwenye kichwa cha karatasi.


MwalimuWaSauti:

Mzee, nimekaa na mwenzangu wa banjo na tumelinganisha. Mahadhi yetu ni yale ya Johnson, isipokuwa mpangaji amebadilisha mwisho wa mshororo wa tatu. Waamuzi wa tamasha wanaruhusu mistari mitatu tu kwenye programu. Nimeandika hivi:

"Barbara Allen. Wimbo wa asili wa Uskoti na Uingereza, ulitajwa mara ya kwanza London mwaka 1665. Maneno: karatasi ya London ya karibu 1690 kama ilivyosahihishwa na Percy, 1765, pamoja na ubeti wa Kiskoti wa 1740, mwisho wa waridi na mbigili ni wa baadaye. Mahadhi ya Kiskoti, karne ya 18. Roud 54."

Wanafunzi wa kidato cha tatu wameomba tuimbe ubeti wa kilabu kwa sauti ya kwanza peke yake, wengine wakinyamaza. Nimekubali. Naomba unipitishie kabla sijapeleka.


MpangaVitabu:

Umeandika vizuri, nami ningefurahi kuukuta mstari huo kwenye kitabu chochote. Badilisha mwaka mmoja tu: weka 1666. Najua 1665 umeitoa wapi, iko kwenye vitabu vingine. Uingereza ya wakati ule mwaka mpya wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo Januari ile ilikuwa bado inahesabiwa 1665. Kwa kalenda yetu, tarehe 2 Januari aliyomsikia Knepp ni ya 1666. Mwamuzi makini anaweza kukuuliza, na jibu unalo.

Ubeti wa kilabu kwa sauti ya kwanza peke yake, vema kabisa. Besi waingie na kengele.